Masafa

Gari la kwanza halikuwa na rimoti.
Lilikuwa kopo la maziwa ya unga,
magurudumu ya kandambili iliyokwisha kisigino,
na ufito, juu yake usukani wa waya.
Shaame aliukata ufito kwa kimo chake;
kila alipozidi kurefuka alikata mwingine.
Umbali wote wa dunia ulikuwa huo.
Ukiuachia, gari linakufa palepale.

Ikaja Idi, Tibirinzi imejaa vumbi na askirimu,
mchuuzi kavuka kutoka Darajani na maboksi matatu.
Gari lilikuwa na rimoti, ila rimoti ilikuwa na waya,
mwembamba, umetoka mkononi ukaingia mgongoni mwa gari
kama kitovu ambacho mkunga kasahau kukikata.
Vifungo viwili tu: mbele,
na nyuma kwa kupinda kushoto.
Kulia halikukujua.
Ukitaka kulia, zunguka kushoto mpaka ufike.
Baba alilitazama, akasema: mbuzi huyu, bado kamba.
Nasi tulilifuata mbio, tumeinama,
maana waya ulikuwa mfupi kuliko hamu.

Mwaka uliofuata, antena.
Unaivuta pingili kwa pingili, inatetemeka kama chelewa.
Gari jekundu, betri nne; zikichoka
tunazianika jamvini, pembezoni mwa karafuu za mama,
na jioni linatembea hatua kumi zaidi.

Hemed wa nyumba ya pili akanunuliwa la kijani,
boksi lilelile.
Akabonya: la Shaame likaondoka.
Shaame akabonya: la Hemed likaukumba ukuta.
Wewe! Wewe! Wakashikana mashati
mpaka fundi redio wa Msingini akawaambia:
wanangu, masafa yenu ni mamoja.
Hatukumwelewa. Sisi masafa tuliyajua ni mwendo,
ni Chake mpaka Mkoani.
Tangu siku hiyo walicheza kwa zamu,
dole gumba moja, magari mawili,
na aliyebaki mikono mitupu ndiye aliyepiga kelele zaidi.

Mimi ndiye niliyeyafungua kuona ndani.
Sasa nina kibanda Misufini,
na vyote hunifikia vikiwa vigonjwa:
helikopta yenye mapanga mawili yanayopingana,
kaa wa plastiki asiyejua kwenda upande,
boti inayoogopa maji ya chumvi, naijaribu kwenye beseni la nguo,
tingatinga, gari la kupanda kuta,
droni ya mpiga picha wa harusi
iliyonasa mnazini, ikashushwa na mkwezi
kwa elfu tano na matusi.
Siku hizi rimoti ni simu, unapapasa kioo.
Na kila chombo hufunga ndoa na rimoti yake
kabla hakijachezwa hata mara moja;
ya jirani hakiisikii.
Watoto hawashikani tena mashati kwa hilo.
Sijui kwa nini linaniuma.

Shaame yuko Sohar. Amekaa chumba cha kiyoyozi,
mbele yake skrini, vidole juu ya kifimbo kifupi,
na kule gatini, mbali, juani, kontena linanyanyuka.
Hupiga simu Ijumaa.
Mama humwambia: sogea dirishani, hukamatiki.

Juzi mtoto wa Hemed kaniletea rimoti,
kaiokota kwenye nyumba yao ya zamani inayobomolewa,
antena imekatika pingili ya tatu.
Nikasugua kutu kwa ndimu. Nikatia betri.
Nikabonya, kuonja tu.

Rafuni, nyuma yangu, kitu kikakoroma.
Lile jekundu nalitia betri kila Idi. Usiniulize.
Likarudi nyuma, likapinda kushoto,
likaangusha kopo la misumari.

Mtoto akasema: Fundi Mize,
mbona gari lako linasikia rimoti yetu?

Nikampa mkononi.
Bonya tena, nikamwambia.