Bili Haijalipwa

Mguu wangu unaning'inia wiki ya tano sasa:
kamba, gurudumu, mfuko wa mchanga wa kilo saba.
"Uzito wa mtoto anayeanza kutambaa," alisema Jerotich
siku alipoufunga, akacheka, akanidunga sindano.
Jerotich hajarudi tangu Jumanne.

Kelele zilianzia chini, mochari,
milango ya friji ikigongwa kwa ndani.
Nzomo wa kitanda cha pili akasema ni mafundi.
Mafundi gani, saa nane za usiku?
Stima ikapotea.
Kisha ngazi zikapandwa, polepole,
kama watu waliokuja kumwona mgonjwa
na hawakumbuki yuko wadi gani.

Masinde, askari wa zamu, akafungua mlango.
Wenye beji, piteni. Wenye risiti, piteni.
Daktari aliruka kitanda changu kama kiunzi,
koti lake likanipangusa uso, likanukia sabuni.
Simlaumu. Mwenye mbio hamwamshi aliyelala.
Masinde akahesabu waliotoka,
akazungusha mnyororo mara mbili, akabana kufuli.
Kazi ni kazi.
Tuliwasikia kwenye ngazi.
Ngazi sitazisimulia.

Tukabaki wanne wenye madeni:
Nzomo wa nyonga, aliyeruhusiwa kwenda nyumbani Aprili
akawekwa hapa kama mbuzi wa rehani;
Baba Shiku, ambaye chini ya kifua ni mgeni wa mwili wake;
kijana wa bodaboda
anayekuna mguu ambao haupo;
na mimi, laki mbili na arobaini elfu,
niliyeanguka Kileleshwa nikipaka rangi
ukuta wa mtu ambaye sijawahi kumwona.

Kila asubuhi tulilitukana kufuli lile.
Leo wanaligonga kwa vipaji vya nyuso
na halitikisiki.

Tunaishi hivi:
uji wa mke wa Baba Shiku, vijiko viwili kwa kichwa,
kikombe kinasafiri kitanda hadi kitanda
kwenye ncha ya fimbo ya dripu.
Dripu zenyewe tulizinywa. Zina chumvi, kama machozi ya mtu mwingine.
Maumivu yakimzidi kijana, anauma taulo,
nasi tunamtazama kwa bidii
kana kwamba kutazama ni dawa.
Dirishani korongo wa Barabara ya Mbagathi
wamenenepa. Hatuulizi.

Kisu cha matunda kiko chini ya mto wangu.
Usiku nakipima kwenye kamba: nikate, nishuke, nitambae?
Halafu naisikia, au nadhani naisikia,
mifupa yangu ikitafutana gizani,
ncha kwa ncha, bila haraka,
kama nyumba hii yote haiwahusu.
Nakirudisha kisu.

Saa kumi na mbili asubuhi Masinde huja zamu.
Nusu ya shingo haipo, lakini kofia ameivaa sawasawa.
Funguo zinalia kiunoni, na mikono yake
imesahau funguo ni za nini.
Anabandika uso kwenye kioo.
Midomo inacheza, inasimama, inaanza upya.
Nzomo anaapa kwamba anatuhesabu.

Wanne, Masinde.
Tuko wote.
Hakuna aliyetoroka.