Fundi wa Nyuzi, Walukuba

Alifika Jinja na sanduku moja na sikio moja.
La kushoto lilifia melini, alisema,
miaka minne akipiga kinanda cha umeme
kwa watalii waliokula huku wamempa mgongo.
Eladio Riascos, wa Kolombia, pwani ya Pasifiki,
ambako mvua, kwa kauli yake, haijui likizo.

Mimi ni fundi wa nyuzi. Nimezaliwa hapa Walukuba,
nyumba za kiwanda cha nguo; baba alikaza mitambo ya kufumia
nami nikarithi mkono ule ule:
kaza, sikiliza, kaza.
Piano ya klabu naijua kama jino langu bovu.
Nikaifungua kifua. Panya walikuwa wamezaa kwenye besi.

Nikifanya kazi, yeye anasimulia,
kwa Kiswahili cha wiki sita na mikono miwili:
nyumba ya nguzo juu ya mto, na chini yake
mjomba akichonga vibao vya mtende.
"Marimba," akasema,
na neno lile halikuomba mkalimani.
Tulitazamana. Ufunguo wangu ukaanguka sakafuni.

Kisha Bogota. Alilala nyuma ya studio,
akitunga muziki wa matangazo ya sabuni.
Kisha bendi, watu saba, tarumbeta na ngoma za mjomba.
Santuri ya kwanza iliuza nakala mia tatu na kumi na moja;
alizihesabu mwenyewe, nyingine alizinunua mama yake.
Ya pili ikampeleka Ulaya, ikampa tuzo ya kioo
ambayo mkewe aliizuilia mlango usibamize.
Wajuzi wa jazi walisema: hizi ni ngoma za kijijini.
Kijijini wakasema: hizi ni kelele za mjini.
"Nimeishi kizingitini, fundi,
na kizingiti hakina kiti."
Mpiga besi alihamia Miami. Mpiga ngoma, kaburini.

Sasa anaandika kwa ajili ya embaire.
Miezi miwili alikaa upande wa Iganga,
mbele ya vibao ishirini na kimoja vya musambya
vilivyolazwa juu ya magogo ya migomba,
na shimo chini yake likinguruma kama tumbo.
Siku ya kwanza Tibenkana alimwondoa kwenye benchi:
"Unahesabu kwa mdomo.
Hapa tunahesabu kwa jirani."

Nilipomaliza, piano ikawa safi kama sahani ya Idi.
Akagusa vitufe vitano. Akatikisa kichwa.
"Fundi, iharibu."
Alitaka ngazi za embaire, tano zinazotoshana,
si hizi kumi na mbili zangu.

Miaka thelathini na mmoja nimefukuza mtetemo kwenye nyuzi
kama mtu afukuzaye mbuzi shambani.
Nikasema sitaki. Nikaenda kunywa chai.
Chai ilikuwa baridi.
Nikarudi, nikalegeza.

Usiku wa tamasha, wimbo wa pili, umeme ukakatika.
Gitaa likafa, spika zikafa.
Embaire haikuwa na habari. Piano nayo haikuwa na habari.
Watu wakawasha simu, nami nikaona mikono yake
ikiingia katikati ya mikono ya Tibenkana,
bila kuhesabu.
Mama mmoja wa mstari wa mbele aliinuka, akatoka.
Akarudi na watoto wanne, mmoja bado na povu la sabuni masikioni.

Aliondoka Jumanne. Kwenye karatasi za muziki
aliandika jina langu, akakosea herufi mbili.

Jumapili kwaya inaitaka piano yao.
Nyuzi mia mbili na ushee, nimezirudisha moja moja.
Umebaki mmoja tu, kushoto kabisa,
upande wa sikio lake lililokufa. Unagoma.
Kigingi kimelegea, namwambia katibu wa klabu.
Ni kigingi tu.