Mtungi wa Lita Ishirini

Jumatano usiku ndipo tunapopewa barafu,
saa moja tu, watoto wa sherehe za kuzaliwa wakishaondoka,
na saa hiyo tunaichangia kama watu wa matanga.
Siku sita zilizobaki
barafu yetu ni paa la ghorofa huku Umoja:
saruji, kamba za nguo, tangi jeusi la maji,
na Nyanchama mwenye filimbi asiyoipuliza
kwa sababu mtoto wa mlinzi amelala chini.

Mchezo unachezwa hapa, anasema.
Kule mnakwenda tu kuonyesha risiti.

Tunachuchumaa na mtungi kifuani.
Maji yanacheza ndani, yanataka kwenda kushoto,
mwili unakataa,
na huko kukataa ndiko kunakofunga kiuno.
Chuma kimetulia, anasema, chuma kina adabu;
lakini mtu anayekuja kukubamiza ukutani
ni maji, hujui atamwagikia upande gani.
Wiki ya mgao, mitungi ikiwa na kazi zake,
kupika, kuosha, choo,
tunabebana. Mimi humbeba Osiemo,
naye hunipa kilo tisini na habari za shemeji zake.

Haya yote niliyajua mwaka jana
nikaona ni mambo ya wazee.
Nilichelewa, Barabara ya Mombasa ilikuwa imeganda,
nikafunga kamba za viatu vya makali
nikaingia, baridi juu ya baridi.
Hatua ya tatu nikatupa mguu kukiwahi kisahani
na ndani ya kinena kitu kikasema chwa,
sauti ndogo, ya kitambaa mikononi mwa fundi.
Nililala nikitazama taa,
barafu ikinywa jasho la mgongo wangu,
na kisahani, nakumbuka, kiliendelea na safari
polepole, bila kumhitaji mtu.

Miezi mitano.
Ngazi za ghorofa ya nne nilizishuka kinyumenyume.
Mama alileta mafuta ya mnyonyo.
Jirani aliuliza, bila ubaya,
ni nini kilichonipeleka ndani ya friji.

Nyanchama alikuja na mpira wa mwanawe, upepo nusu,
akauweka katikati ya magoti yangu.
Bana.
Hesabu kumi. Achia. Bana.
Mtu mzima, chali sakafuni, anabana mpira wa mtoto,
na mpira unamshinda.
Paja la nje umelilisha, akasema,
la ndani umeliacha yatima. Bana.
Ufa hauanzi pale unapopaka rangi.

Sasa mimi ndiye wa kwanza kufika juu.
Nafunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mguu wa tangi,
naupitisha kifundoni, naenda ubavu kama kaa,
kumi huku, kumi kule, kati ya shuka za watu.
Mbula, golikipa wetu, anapiga magoti na kuinuka
mara thelathini, nyonga zake zikilia kama bawaba,
halafu hazilii tena.
Kibiwott ana miaka kumi na saba na haraka ya umri huo.
Nitapasha moto nikifika, anasema.
Simhubirii. Nampa mpira.

Jumatano iliyopita Osiemo alinigonga, bega kwa bega,
mguu wangu wa kushoto ukateleza mbali, mbali sana,
ukafika pale pale ulipofika mwaka jana,
ukasimama,
ukarudi.
Hakuna aliyeona. Mchezo ulikuwa upande wa pili.
Nyanchama pekee aliandika kitu kwenye daftari lake,
au pengine alikuwa anajumlisha michango.

Nilifika nyumbani saa tano usiku.
Maji yalikuwa yamerudi, foleni bombani imeisha.
Nikapandisha mitungi minne, miwili miwili,
mgongo wima, magoti yakifuata vidole,
nikihesabu ngazi kwa sauti ya chini,
mtoto wa mlinzi asiamke.