Nyumba Isiyovuja

Ndiyo hii. Mmefika. Msitazame karatasi mkononi
kisha mkanitazama mimi kama mmeuziwa mbuzi kwenye gunia.
Ni hii hii, Kitangari, ya marehemu Nangomwa:
miti, udongo, nyasi juu, kuku ndani.

Mlango wa bluu?
Wote huuliza hapo.

Mwaka ule malipo ya pili ya korosho yalichelewa
hata tukasahau kuwa tunadai.
Yalipotoka nikamwambia: baba Fikira, kopo moja tu, la bluu,
mlango wangu nao uonekane.
Akaenda Newala kwa miguu, akarudi nalo.
Akalifungua kwa kijiko changu.
Akachana gunia la korosho, akalipigilia ubaoni,
akakaa kule mikoroshoni, jicho moja kalifumba,
siku tisa.
Siku ya kumi kopo likavuma kama debe tupu
na mlango wangu uko bluu,
guniani.

Nilinuna hadi mvua za kwanza. Ugali nilimpa, na mgongo nilimpa.
Akapita mtu na gari, akalichukua gunia
kwa bei ya mifuko miwili ya saruji,
na saruji yenyewe hatukuinunua; tulilipa deni la salfa.

Sasa nasikia lina jumba lake, lina taa yake,
lina kijana wa kulilinda, analipwa kwa mwezi.
Mimi nina paka.
Na nasikia huko halinyeshewi.

Hapa walikuja watu wa kamati: Mama, nyasi usizitoe,
nyumba ni urithi, ibaki kama ilivyo kwenye picha.
Bati za mwanangu zimeegemea choo tangu Mfungo Mosi.
Kamati haina ndoo.
Mvua ikija natega sufuria tatu, beseni,
na kopo lile lile, limebaki ukoko wa bluu chini,
nalitega kitandani, upande wake.
Tone, tone, tone,
halafu kimya: limejaa.

Mnaona hapo mlango ulivyo wazi kidogo,
giza la upana wa kidole?
Wajuao husema ni kifo. Mmoja alisema ni siri ya Wamakonde,
akaandika.
Ni mimi.
Nilifungua nimwambie chakula kinapoa,
nikamkuta anaitazama nyumba yetu
kama mgeni aliyekwisha bisha hodi, anangoja kuitikiwa.
Nikaurudisha taratibu.
Chakula kikapoa.

Haya, pigeni picha zenu. Ukuta huo msiuegemee, udongo umelegea.
Fundi anakuja Ijumaa, msimwambie mtu.
Kamati wakirudi na karatasi yao mkononi
watanikuta mkavu,
mwili na macho.