Risasi Ndani ya Rangi

Lililetwa kwa kamba, asubuhi, hapa Katuba:
Pezho mia nne na nne, pikapu,
tairi mbili zimekaa chini kama kuku wanaotamia.
Mama Kabedi akaweka kiganja juu ya boneti, hakusema.
Mwanawe ndiye aliyesema:
harusi ni wiki ya tatu ya Agosti, fundi,
piga mchanga, umalize.

Mchanga upo. Nyuma ya kiwanda umejilaza mlima mweusi,
mavi ya shaba ya enzi za mababu
(Fwamba hucheka kila ninapolitaja jina hilo),
chembe kali, zinaiacha chasi nyeupe kama jino la mtoto.
Chasi, sawa. Ekseli pia, na rimu.
Lakini boneti? Ibonyeze kwa dole gumba:
inasema pwe, inarudi kwa uvivu.
Ukiipiga itapata moto, itafanya mawimbi,
na bati lililofanya mawimbi haliombwi msamaha.

Tena nilimwona Ngosa, aliyenifunza kushika bomba.
Siku zake mchanga ulikuwa wa mto, mweupe, laini,
na barakoa ilikuwa kipande cha kitenge cha mkewe.
Alikohoa misimu mitatu ya mvua.
Wa nne hakuufikia.

Fwamba anataka moto.
Ana miaka kumi na tisa, kila kitu anakitakia moto.
Nikamwambia: rangi ya zamani ina risasi ndani,
ukiichoma unaivuta.

Kuna soda kali, jirani yetu mpika sabuni anatupimia kwa kopo.
Hula rangi usiku kucha bila kelele,
hula na glavu.
Kisha hujificha kwenye mikunjo ya milango,
unaisuuza, unaisuuza, unadhani imekwisha,
na Desemba, mvua ikishika,
inatokeza chini ya rangi mpya, vipele vipele,
na mwenye gari anarudi na ndugu zake.
Ile dawa ya kupaka, ya Kasumbalesa?
Nilimtajia kijana bei. Akatazama simu yake.

Basi nikagawa, kama unavyogawa bukari
kwa watoto wasiolingana:
chasi kwa mavi ya shaba, na barakoa ya kweli;
ngozi yote ya nje kwa kikwangua,
msasa na maji, vumbi lisipae.
Fwamba akanuna.
Saa sita umeme ukakatika, kompresa ikanyamaza,
akaja mwenyewe na ndoo.

Juu, nyeupe ya brashi, ya haraka.
Chini yake buluu, na nusu ya neno MKATE.
Chini ya buluu, kijani ambayo hakuna anayeikumbuka.
Kwenye mlango wa kushoto kikwangua kikazama,
kama kisu kinapokuta doa bovu kwenye kiazi.
Mastiki ya waridi, upana wa sarafu.
Hatua moja mbele, nyingine. Kisha ya tatu,
zimepanda mshazari kuelekea kiti cha dereva.
Mchanga ungezifumua kwa pumzi moja,
nami ningesema ni kutu.

“Risasi,” akasema Fwamba.
Nikadhani anazungumzia rangi.

Jumamosi Mama Kabedi akaja, pesa zimefungwa kwenye gazeti.
Akatia kidole katika tundu la kwanza
mpaka kiungo cha pili.
“Aliniambia ni geti,” akasema.
“Geti la kule Kampemba. Alifika anaendesha mwenyewe,
akashusha mikate, akahesabu,
akaniambia geti.”
Mwanawe: fundi, harusi.
Hakumgeukia.
“Ukiyaziba, yataonekana?”
“Kwa jicho, hapana.”
“Na kwa kiganja?”
Nilikuwa na uwongo tayari, mzuri, wa kifundi.
“Kwa kiganja, ndiyo. Kidogo.”
“Basi ziba hivyo.”

Akahesabu noti mara mbili, akaondoka kwa miguu.
Nikachovya msasa, nikarudi kwenye mlango wa kulia.
Ule ulikuwa na rangi tu.