Sauti, Mwanamke, Moja

Kwenye daftari la Shilinde, chini ya "nyaya, mita nane"
na juu ya "trei za mayai, kuukuu, arobaini,"
niliandikwa hivi: sauti, mwanamke, moja.
Elfu thelathini, na nauli ya bodaboda
kutoka Isevya mpaka Cheyo. Ya kwenda.
Kurudi nilitembea.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la mbolea.
Mashine ya kusaga ya jirani ndiyo iliyotupangia ratiba:
ikinyamaza, tunarekodi,
ikinguruma, tunakula karanga.
Wande yuko mgongoni, miezi saba, ana mafua,
kanga imeniloa begani.
Shilinde akasema, imba kama mtu asiye na mtoto.
Nikaimba.

Mara ya nne, pale kabla ya kiitikio,
akanitia teke la ubavu.
Pumzi ikakwama, nukta moja, labda moja na nusu,
ndipo neno likatoka, limechelewa, limejikunja
kama mgeni anayeingia msibani viatu mkononi.
Nikasema turudie.
Mashine ikaanza kunguruma.
Shilinde akatazama saa, akamtazama mtoto:
"Basi. Ni ya tamthilia tu."

Bendi yenyewe haikuwapo. Iliandikwa mezani, Dar es Salaam,
ikapewa jina, Vipepeo wa Jiji
(nani amewahi kumsikia kipepeo akiimba?),
ikapewa vijana wanne, mashati ya kumetameta,
gitaa jekundu lisilochomekwa popote,
na msichana mwenye shingo ndefu.
Akafumbua mdomo, nikatoka mimi.

Usiku ule nilikuwa nimekalia ndoo mlangoni kwa mama Kapaya,
yeye ndiye mwenye televisheni, ungo wa mchele mapajani.
Nikajisikia napita katika uso wa mtu mwingine
nimepakwa rangi ya midomo.
Nikaendelea kutoa mawe.

Mwezi haukuisha, wimbo ukapanda treni.
Urambo wanauimba, Kaliua, Nguruka.
Wapakia tumbaku wanaupiga mluzi,
na wote, wote, wakifika pale kabla ya kiitikio
wanakwama nukta moja na nusu
kisha wanaliangusha neno likiwa limejikunja.
Kwenye harusi moja Ipuli ukumbi mzima ulikatika pumzi,
bibi harusi, mpishi, mpiga picha,
watu mia mbili wakipigwa teke
na mtoto wasiyemjua.

Sehemu ya sitini, mwandishi akamwua yule msichana.
Homa ya ghafla. (Alidai nyongeza ya mshahara, walisema.)
Gongoni wanawake walijifunga kanga viunoni.
Mmoja akanipitia na kibakuli, nusu utani,
nusu nyingine sijui,
nami nikatoa mia tano,
rambirambi ya koo langu mwenyewe.
"Alijua kuimba, maskini," akasema.
"Nawe una kasauti. Ila yule…"
Nikaitikia: ila yule.

Sasa Wande ana miaka tisa, yumo katika kwaya ya shule.
Mwalimu Malugu amechora ubaoni, kwa chaki ya njano,
kimstari kisimamacho.
"Hapa mnasubiri," anawaambia. "Hapa ndipo ulipo ufundi.
Asiyejua kusubiri hapa, huo si wimbo, ni kelele."

Jana alikuwa anaosha vyombo, anauimba.
Akafika pale.
Akasubiri, sufuria hewani,
maji yanamdondoka kiwikoni,
nami huku nilikoinamia jiko
mkono wenyewe ukanikimbilia ubavuni.

"Mama, nini?"

Nikamwambia amalizie,
sufuria bado ina masizi.