Kesi ya Sufuria, Nyawita

Stima zilipotea, tukasahau koili haijazimwa,
tukashuka barabarani kununua sukuma.
Zikarudi bila kubisha hodi.
Harufu ya maharage ndiyo iliyotushtaki, kabla ya mtu yeyote.

Ndayikeza akavuta kiti, akafungua daftari:
"Kwetu Bujumbura hakimu ndiye anayeuliza.
Nani aliwasha? Saa ngapi? Kwa mkono upi?
Wewe jibu tu. Mimi naandika. Jalada litasema."

Nikakataa kujibu.
Kwetu, nikamwambia, hakimu ni kama refa pale uwanjani Mamboleo,
hafukuzi mpira, anapuliza tu.
Jasho ni la mawakili.
Nikapanda juu ya godoro, nikainua sufuria:
"Kielelezo cha kwanza, Mheshimiwa. Tazama weusi wake."
Kisha "Pingamizi!" nikajipinga mwenyewe,
maana chumbani hapakuwa na mwingine wa kunipinga.

Yeye amefundishwa kitabu kimoja kinene,
kifungu baada ya kifungu,
kama mtu anayehesabu ngazi akishuka gizani.
Mimi nimefundishwa wafu:
mama mmoja wa Uskoti, chupa ya kinywaji, konokono ndani yake,
na mimi mtoto wa Chavakali nikamkariri konokono huyo
miaka tisini na ushei baadaye,
kando ya ziwa lenye konokono wake wenyewe,
wa kichocho,
ambao hakuna aliyewahi kuwafungulia kesi.

"Na wafu wenu wakikosa jibu?"
"Tunatafuta mfu mwingine."
Akacheka hadi akashika ukuta.

Ndipo akapanda Nyar Seme, mwenye nyumba,
kanga kiunoni, pua mbele.
Hakuuliza kifungu. Hakutaka shahidi.
Akatazama dari tu, palipopakwa masizi.
"Rangi. Mia nane kila mmoja. Nakata kwenye diposti."
Akashuka.
Tukatafuta mahali pa kukata rufaa, tukapata ngazi tupu.

Usiku stima zikapotea tena
na gizani Ndayikeza akaacha mzaha.
Kiwanja cha baba yake, Gitega.
Kila neno liliandikwa, likapigwa muhuri,
kisha hakimu akahamishwa na jalada likahama kusikojulikana.
Baba anakumbuka yote, alisema,
lakini kumbukumbu haina muhuri.

Nami nikamtajia nyanya yangu, Kageha.
Kesi ya mpaka, miti minne ya lusiola,
iliyoahirishwa mara kumi na moja pale Vihiga:
leo wakili ana mafua, kesho karani yuko likizo.
Kila mara alikwenda na kitenge kilekile
na ndizi tatu za kula akingoja.
Mara ya kumi na mbili hakwenda. Tulikuwa tumemzika Jumamosi.
Mahakama ikaahirisha, ili mrithi apatikane.
Mrithi ni baba.
Baba naye sasa ananunua ndizi.

Tukanyamaza, kila mmoja akipima cha mwenzake
kama wateja wa Kibuye wasioiamini mizani:
chao kimepotea kikiwa kimeandikwa,
chetu kinaoza kikiwa bado kinasemwa.

Ijumaa, mtihani.
*Linganisha na ulinganue mifumo miwili ya sheria. Alama ishirini.*
Nilijaza kurasa sita. Roma nikaiweka, Uingereza nikaiweka,
na mfalme aliyetuma mahakimu wake kwa farasi.
Ndizi sikuziandika.
Ndayikeza alikaa muda mrefu akiitazama feni isiyozunguka,
kisha akainua mkono, akaomba karatasi ya ziada.
Sijamuuliza aliandika nini.

Sufuria bado tunaipikia.
Kitako kina doa ambalo majivu hayalitoi, wala mchanga,
na kila jioni anayeosha
huapa kwamba ni la mwenzake.